Shairi Lililongoja Jibu

Nilipokuwa mwanafunzi, hapakuwa na somo nililolichukia kama somo la mashairi. Naliungama jambo hili mapema, msomaji, ili usije ukadhani kwamba anayesema nawe ni mmoja wa wale watu waliozaliwa na diwani mkononi. Nakumbuka siku moja tukiwa katika kidato cha pili. Mwalimu wetu, mtu mwema lakini mwenye haraka, aliandika ubeti ubaoni akatuamuru tuhesabu mizani. Tukahesabu kwa vidole: nane katika kipande cha kwanza, nane katika cha pili. Kisha tukatafuta vina, tukavipigia mstari, tukapewa maksi. Hapana aliyeuliza shairi lile lasema nini, wala lilisemwa na nani, wala aliambiwa nani. Kengele ilipolia tulifuta ubao, na mtu yule aliyelitunga akafutwa pamoja na vumbi la chaki.

Ilipita miaka mingi kabla sijafahamu kosa letu lilikuwa wapi. Hatukukosea kuhesabu; hesabu ina mahali pake, nami nitairudia. Tulikosea kwa kulisoma shairi kana kwamba ni barua isiyo na mwandikiwa. Maana katika pwani yetu, kwa muda wa mamia ya miaka, shairi lilikuwa ni neno la mtu kwa mtu. Mmoja alisema, mwingine akajibu, na watu wa mtaa wakakaa kusikiliza ni nani aliyemshinda mwenzake. Ukiondoa yule aliyeambiwa, linalobaki ni nusu ya mazungumzo. Na ni nani awezaye kufurahia mazungumzo ya watu wawili hali anamsikia mmoja tu?

Ili upate kuona jambo hili waziwazi, nataka nikuchukue mpaka Mombasa ya miaka mia mbili iliyopita, mji ambao wenyewe waliuita Mvita, nikuonyeshe mtu mmoja aitwaye Muyaka bin Haji al-Ghassaniy.

Muyaka yakadiriwa kuwa alizaliwa mwaka 1776, akafa mwaka 1840. Mombasa ya siku zake ilitawaliwa na jamaa ya Mazrui, ambao asili yao ilikuwa Omani, lakini ambao hawakutaka tena kumtii mtawala wa Omani. Kaskazini kulikuwa na Pate na Lamu, kila mji na wakuu wake, na kila mji ukimtazama jirani kwa jicho la wivu. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno tangu mwaka 1593, ilisimama mlangoni mwa bandari, na aliyeishika ngome ndiye aliyeushika mji. Biashara ilikuwa ya majahazi: yalikuja kwa pepo za kaskazi na kuondoka kwa pepo za kusi. Katika mji wa namna hiyo habari hazikuwa na gazeti wala redio. Zilitembea kwa midomo ya watu, na habari iliyofungwa katika vina ilitembea mbali kuliko nyingine, kwa kuwa haikupotea njiani.

Kabla ya wakati wa Muyaka, mashairi yaliyohifadhiwa kwa maandishi yalikuwa mengi ya dini: tendi za kusimulia vita vya Mtume na masahaba, nyimbo za kumsifu, na mawaidha juu ya mauti na ahera. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake mashuhuri ni ya mwaka 1728 katika mji wa Pate, ni wa namna hiyo. Kwa sababu hii wataalamu hupenda kusema kwamba Muyaka alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Mimi hudhani maneno hayo yana ukweli, walakini yamezidi kidogo. Hapana shaka watu wa sokoni walikuwa na nyimbo zao tangu zamani, na wanawake kwenye visima, na mabaharia katika majahazi. Ila hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kuziandika. Alilolifanya Muyaka ni kuchukua mambo ya kila siku na kuyatia katika ubeti wa mistari minne, wenye mizani kumi na sita kila mstari, kwa ustadi mkubwa hata watu wakaona haya kuyasahau.

Na mambo yenyewe yalikuwa yapi? Yalikuwa vita na siasa, ndiyo. Lakini yalikuwa pia mapenzi, na wivu wa mapenzi, na ugomvi wa nyumbani. Yalikuwa njaa, na deni, na rafiki aliyegeuka. Yalikuwa mafumbo ya kuchekesha ambayo msikilizaji alitakiwa ayafumbue. Nisikilize, kijana: mambo hayo hayakukosekana katika bweni lako jana usiku. Lililokuwa geni kwako ni lugha tu, kwa kuwa Muyaka alisema Kimvita, na katika Kimvita njia ni ndia, na macho ni mato. Mwanafunzi wa Kitui au wa Kakamega akutanapo na maneno haya hudhani amefika nchi ya mbali. Kumbe ni pazia jepesi, na baada ya kurasa chache jicho huzoea.

Sasa nataka nikusimulie juu ya ugomvi mmoja, maana ndani yake utaliona shairi likifanya kazi yake.

Karibu na mwaka 1812 Mombasa na Pate zilipatana kuishambulia Lamu. Majeshi yao yaliingia majahazini, yakashuka Shela, kijiji kilicho juu ya mchanga upande wa kusini wa mji wa Lamu. Watu wa Lamu, ambao wenzao waliwadhania kuwa wanyonge, walitoka wakawapiga vibaya. Yasimuliwa kwamba wavamizi walipokimbilia vyombo vyao waliona maji yamekupwa, na majahazi yamekaa juu ya mchanga. Wala mtu hawezi kuliamuru bahari lijae kabla ya wakati wake. Wengi walikufa pale pwani, na watu wamesema kwa vizazi vingi kwamba upepo ulifukua mifupa yao katika vichuguu vya mchanga. Vita hivi huitwa vita vya Shela, na washairi waliviita pia Kuduhu.

Basi, kabla ya vita na baada yake, miji hii ilipigana kwa njia nyingine. Mkuu mmoja wa Lamu aliitwa Bwana Zahidi Mgumi, naye alikuwa mshairi. Muyaka alikuwa upande wa Mombasa. Hawa na wengine walitumiana mashairi. Mmoja alitishia, wa pili akatweza kitisho; mmoja alifumba, wa pili akafumbua na kurudisha fumbo kali zaidi. Aghalabu mwenye kujibu alivishika vina vilevile vya mwenziwe, au mstari uleule wa mwisho, kana kwamba amempokonya mtu fimbo yake akampiga nayo. Kutoka Mombasa mpaka Lamu ni zaidi ya kilomita 200 kwa bahari. Fikiri jinsi watu wa mji walivyongoja chombo kutoka upande wa pili, si kwa ajili ya nafaka na nguo peke yake, bali wapate kusikia Lamu imesemaje.

Mkusanyiko wa mashairi hayo ya kujibizana ulitolewa kuwa kitabu mwaka 1995, na Ann Biersteker pamoja na Ibrahim Noor Shariff. Nilipoyasoma yakiwa pamoja, swali na jibu, nilistaajabu. Baadhi ya beti nilikuwa nimeziona zamani, kila mmoja peke yake, nikaziona ngumu na kavu. Nilipoziona karibu na zile zilizozijibu, nikacheka kwa sauti mahali palipokuwa na fedheha, na mahali pengine nikanyamaza, kwa kuwa nilijua ni watu wangapi waliokufa juu ya mchanga ule.

Maana usidhani ulikuwa mchezo. Baada ya Shela, watu wa Lamu waliogopa kisasi, wakaomba ulinzi wa Seyyid Said, mtawala wa Omani. Kwa mlango huo Seyyid Said aliingia kwa nguvu katika mwambao wa kaskazini. Mwaka 1824 Wamazrui, walipoona hatari, walipandisha bendera ya Waingereza kwa mkono wa Kapteni Owen. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka, na Mombasa ikabaki peke yake. Seyyid Said aliishambulia mara kwa mara tangu mwaka 1828. Katika miaka hiyo yote Muyaka alitunga: aliwatia watu wake moyo, akawakejeli maadui, akawaonya wale waliotaka kugeuka. Mwaka 1837 mji ukaanguka, zaidi kwa fitina ya ndani kuliko kwa mizinga, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kusafirishwa mbali. Mshairi aliishi miaka mitatu hivi baada ya hapo. Alikuwa mzee, na upande wake ulikuwa umeshindwa.

Watu wa upande ulioshindwa husahauliwa upesi. Muyaka hakusahauliwa, na sababu yake ndiyo napenda uiangalie sana. Hakuacha kitabu cha kupigwa chapa. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu wa Mombasa, yakatumiwa katika maneno ya kila siku kama methali zitumiwavyo, kwa muda wa karibu miaka hamsini. Ndipo mwanachuoni mmoja wa mji uleule, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alipoanza kuwauliza wazee na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekijua Kimvita kwa namna ambayo wageni wachache wamepata kukijua. Mwalimu Sikujua alikufa mwaka 1890. Karatasi zilikwenda Uingereza na Taylor, na mwaka 1940, yaani mwaka wa mia tangu kufa kwa Muyaka, William Hichens alizitoa katika kitabu kilichopigwa chapa Johannesburg. Baadaye, mwaka 1979, Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa Nairobi kitabu kikubwa chenye mashairi hayo pamoja na maelezo ya maisha ya mshairi na mji wake.

Hebu tuseme Mwalimu Sikujua angechelewa miaka ishirini. Wazee wale wangalikuwa makaburini. Labda mashairi machache yangalibaki, lakini nani angalitueleza kwamba hili lilimwendea fulani wa Lamu, na lile lilitungwa siku ya ugomvi fulani? Hata hivyo mengi yametufikia bila habari zake, nayo yamekuwa mafumbo ambayo wataalamu hubishana juu yake. Maneno tunayo, aliyeambiwa hatumjui. Mtu aliyeinamisha kichwa kwa aibu alipolisikia, au aliyecheka mpaka akashika ubavu, amekwenda zake na ufunguo.

Huenda ukasema: hayo ni ya kale, na sisi tuna simu mikononi. Ngoja kidogo. Kujibizana hakukufa na Muyaka. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo, likitoka Dar es Salaam. Nia yake ilikuwa kueneza habari na mafunzo ya serikali, lakini wasomaji walilipata matumizi yao wenyewe: walipeleka mashairi. Karani wa posta wa bara alitunga swali, na mwezi uliofuata, au miezi mitatu baadaye, jibu likatoka kwa mwalimu wa shule wa pwani asiyemjua kwa sura. Watu wa makabila mengi, ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili, walijifunza sheria za ushairi katika kurasa zile ili wapate tu kuingia katika mabishano. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa miongoni mwa waliochapa mashairi humo. Na Amri Abedi, alipotoa kitabu chake juu ya sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa kijana wa miaka thelathini.

Nataja umri kwa makusudi. Wanafunzi wangu hudhani kwamba mshairi ni mzee mwenye ndevu nyeupe, kwa sababu picha za vitabuni ndivyo zilivyo. Lakini msikie huyu. Mwaka 1968 kijana mmoja wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, mdogo wake mshairi Ahmad Nassir, alisambaza karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi. Alishitakiwa, na mwaka 1969 akafungwa miaka mitatu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, yaani pengine miaka mitano au sita tu zaidi ya umri wako wewe usomaye. Gerezani hakuruhusiwa kuwa na karatasi ya kuandikia. Akaandika mashairi katika karatasi za chooni, nayo yakatolewa kwa siri. Kitabu chake, Sauti ya Dhiki, kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Jina la tuzo lilikuwa la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Historia ina mizaha yake.

Sasa mkumbuke mtu yule aketiye peke yake chumbani, asiyeruhusiwa kusema na mtu, akihesabu mizani nane na nane. Kwa nini ajisumbue kuhesabu? Hapa ndipo ninapoirudia hesabu, ambayo tulipokuwa shuleni tuliiona adhabu. Neno lenye mizani na vina hukaa kichwani hata karatasi ikichukuliwa. Ukilikosea, sikio lako lenyewe hukuambia kwamba pana kitu kimepungua. Kwa hiyo mashairi ya Muyaka yaliweza kukaa nusu karne bila kitabu, na kwa hiyo mfungwa aliweza kuyashika yake. Wapo washairi, tangu alipotokea Euphrase Kezilahabi na diwani yake Kichomi mwaka 1974, waliovunja sheria hizi kwa makusudi, na ubishi juu yao ulikuwa mkali sana katika vyuo na magazeti. Nami nawasoma kwa furaha. Lakini aivunjaye nyumba afadhali aijue nguzo ilipo.

Nilipokuwa mwalimu nami, nilianza kwa kuyafanya yaleyale niliyofanyiwa. Nikaandika ubeti ubaoni, nikawaamuru wahesabu. Nikaziona nyuso zilezile nilizokuwa nazo mimi: nyuso za watu wanaongoja kengele. Katikati ya somo kijana mmoja wa nyuma, ambaye aghalabu hakusema neno, aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, huyu mtu anamwambia nani?” Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kumjibu, kwa kuwa sikujua, na jioni ile nilikwenda maktaba kutafuta. Mengi niliyokusimulia hapa yalianzia katika swali lake.

Kipindi kilichofuata sikuandika shairi la mtu yeyote ubaoni. Niliwapa habari za Shela, za mchanga na maji kupwa, na za miji miwili iliyotukanana kwa vina. Kisha nikawaambia watunge mstari mmoja tu, wenye mizani kumi na sita, wa kumlalamikia mtu wanayemjua. Walikaa kimya muda mrefu, vidole vikicheza juu ya madawati. Yule kijana wa nyuma ndiye aliyesimama kwanza. Wiki ile chakula kilikuwa kimepungua shuleni, na kila bweni lilikuwa likilishuku jingine. Akasema:

“Maharage yameisha, ni nani aliyekula?”

Darasa likaangua kicheko, kisha wote wakaanza kuhesabu, bila ya kuamriwa na mtu. Nane na nane. Kabla sijamsifu, msichana wa safu ya mbele aligeuka nyuma, akamkazia macho, akajibu kwa vina vilevile:

“Swali lako lanichosha, wewe u wa kwanza kula.”

Kelele iliyofuata ilimleta mwalimu wa darasa la pili kuchungulia dirishani. Sikuweza kuendelea na somo, wala sikutaka. Mistari ile miwili ilitoka darasani kabla yetu. Wakati wa chakula cha mchana ilikuwa imekwisha fika jikoni. Mpishi wetu alikuwa mzee aliyezaliwa pwani, mtu wa maneno machache, ambaye katika miaka yangu yote pale sikuwa nimemsikia akisema ila “Wa nyuma, sogea.” Wanafunzi walipopanga mstari na sahani zao, alisimama na upawa mkononi, akawatazama wote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, akasema polepole, kama mtu atembeaye nyumbani kwake gizani:

“Sufuria naiosha, na kesho hapana kula.”

Kisha akapakua. Jioni ile, badala ya kwenda uwanjani kucheza mpira, vijana kumi na wawili walikuja mlangoni pangu na daftari. Walitaka niwasaidie kutafuta neno lenye kina cha “-sha”, upesi, kabla jikoni hakujafungwa.